Bedford ya marehemu baba: nifufue injini yake au nifunge Isuzu?

Mwana_Isevya: Wakuu, habari za jioni. Nina lori la Bedford TJ alilotuachia marehemu baba, limelala uani hapa Isevya, Tabora. Ndilo lililotusomesha kwa kubeba tumbaku ya Urambo. Nataka litembee tena. Kuna mtu anauza injini ya Isuzu 6BD1, anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Wengine wananiambia nifanye ovaholi ya injini yake yenyewe, yaani kuifungua yote na kubadilisha vilivyochakaa. Sijasomea ufundi, ila pikipiki yangu naifungua na kuifunga mwenyewe. Nishaurini.

FundiGongoni: Pole kwa kuondokewa na mzee. Lakini mkuu, hujatupa cha kushikia. Dizeli au petroli? Iliegeshwa kwa sababu gani? Inazunguka au imejamu? Likishapona litabeba nini? TJ zimetoka tangu 1958 na injini tofauti tofauti.

Dereva_Nzega: Chukua Isuzu. Lita 5.8, silinda sita, mafundi wanaijua. Pistoni za Bedford utaagiza hadi uchoke.

Mwana_Isevya: Samahani, nilisahau. Ni dizeli, ile 330. Ilikuwa inakula oili na kuchelewa kuwaka asubuhi. Baba akaiegesha, kisha akaugua. Ni miaka saba sasa. Nimeweka spana kwenye puli ya mbele ya injini, haitikisiki. Kazi ni mpunga na matofali, vijiji vya jirani tu.

FundiGongoni: Hapo sawa. Usilazimishe puli, utavunja ringi za pistoni. Toa nozeli zote, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, mimina kila silinda oili ya giaboksi ya otomatiki iliyochanganywa na dizeli, acha wiki nzima huku ukiongeza. Kisha jaribu taratibu, mbele na nyuma. Ikiachia, fungua hedi ya juu na sampu, lile bakuli la oili la chini, upime kabla ya kununua chochote.

Dereva, hiyo 330 ni inchi za ujazo, yaani lita 5.4. Kwa mpunga inatosha. Na kufunga Isuzu si kuinua hii na kushusha ile. Kasha la klachi halikutani na giaboksi ya Bedford, vishikizo vya injini vitachomelewa upya, rejeta itasogezwa, pengine na propela, ile shafti ya kwenda magurudumu ya nyuma, ikatwe. Namba ya injini kwenye kadi ya gari nayo lazima ibadilishwe TRA.

Dereva_Nzega: Nimeiona Bedford yenye Isuzu ikipanda mlima wa Sekenke imejaa. Aliyeifunga alijua kazi, basi.

BintiKaliua: Kaka, mimi nasema fanya ovaholi, ila sikiliza kwanza yaliyotupata mimi na mjomba. Yetu ilikuwa 330 kama hiyo. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, tukaipeleka kuchongwa, ikarudi inang'aa, na beringi mpya za 0.25, yaani za krenki iliyopunguzwa milimita 0.25. Tukaifunga siku hiyo hiyo kwa sababu mpunga wa watu ulikuwa unasubiri. Hatukupima kitu. Krenki ikichongwa, vumbi la jiwe na chembe za chuma huingia kwenye vitundu vya oili, na sisi tulipangusa nje tu. Injini ikiwa baridi, geji ya oili ilisimama vizuri. Tulipopita Urambo, imeshapata moto, sindano ikaanza kushuka. Mjomba akasema geji ni kuukuu, inadanganya. Mbele kidogo tukasikia kugonga, mwanzo kama mtu anabisha hodi, baadaye nyundo kabisa. Kabla hajazima, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni na krenki, ikatoboa bloku, oili yote ikamwagika barabarani. Tulilala siku mbili juu ya magunia. Bloku haikufaa tena. Mjomba hakufungua injini nyingine hadi anaondoka duniani, na inaniuma, maana hakuwa mzembe, alibanwa na haraka.

Vitundu vioshe kwa brashi nyembamba na dizeli, kisha upepo wa kompresa. Tafuta plastigeji, ule uzi laini unaobanwa kati ya krenki na beringi halafu unapimwa upana wake. Shingo ya krenki ya milimita 60 inataka nafasi ya karibu 0.06. Ringi nazo zisukume ndani ya silinda tupu uone mwanya kati ya ncha zake mbili. Kwa silinda ya milimita 100, ni kama 0.4.

Mzee_Ngambo: Binti umesema kweli. Ila kijana ana spana gani? Bedford ni ya Uingereza, nati zake ni za inchi. Vijana wanaingiza spana ya milimita 13 kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni 12.7, nati inaliwa pembe.

Dereva_Nzega: Mzee wangu, 19 inakaa kwenye robo tatu bila shida.

Mzee_Ngambo: Hiyo sawa, ni 19.05. Lakini 9/16 ni 14.29. Spana ya 14 haiingii, ya 15 inacheza. Nimeona bolti za hedi zikiharibiwa hivyo.

Mwana_Isevya: Nimelifungua sanduku la baba usiku huu. Spana zimeandikwa 7/16, 1/2, 9/16, 5/8. Siku zote nilidhani ni namba za kiwanda. Nozeli nne zimetoka, mbili zimegoma. Mwenye Isuzu nimemwomba wiki moja zaidi, hajajibu.

FundiGongoni: Hizo mbili usizigonge. Zungushia mafuta ya kulainisha kutu, ziache hadi kesho.

Mzee_Ngambo: Sanduku hilo usiliuze kwa mtu. Tazama chini kama kuna 11/16 mbili, mimi moja nainunua.