Mjadala: Stripu za sukari zikiwa chache, tuanze na mizani au na utepe wa kiuno?

Mtoa hoja, Nyamagana
Kambi ya upimaji wa kisukari ikija na stripu (vijikaratasi vya kupimia sukari ya damu) chache kuliko foleni, nani atangulie? Wapo wanaosema pandisha watu kwenye mizani, mnene apite kwanza. Napinga. Mizani inataja kilo, haisemi mafuta yamekaa wapi wala yanafanya nini. Mafuta si gunia lililowekwa stoo: seli zake zina jeni zinazowaka na kufifia, na sehemu ya hatari ya kisukari aina ya 2 inaanzia humo.

Chukueni jeni ya KLF14. Nakala inayofanya kazi ni ile ya mama. Ya baba imezimwa. Mwaka 2011 watafiti waliochunguza vipande vya mafuta ya chini ya ngozi kutoka kwa pacha wanawake wa Uingereza walionyesha kwamba jeni hiyo huongoza jeni nyingine ndani ya mafuta. Mwaka 2018 ikaonekana kuwa wanawake wenye aina yake ya hatari wana seli za mafuta chache lakini kubwa, na mafuta yao yanapungua nyongani na kuongezeka tumboni. Seli iliyojaa kupita kiasi haiitikii vizuri insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari, na mafuta yaliyokosa pa kukaa huishia kwenye ini na misuli. Wanawake wawili wa kilo 70, mmoja mwenye nyonga pana na mwingine mwenye kitambi, mizani inawaona sawa. Utepe wa fundi cherehani hauwaoni sawa.

Igoma
Ndugu, jeni sikatai. Lakini hao ni watu wa Uingereza. Utafiti uliofanyika hapa Mwanza kwa watu wazima, wengi wao wanaoishi na VVU, ulionyesha kuwa kongosho kushindwa kutoa insulini ya kutosha kuna mchango mkubwa, si mwili kuikataa insulini pekee. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuwa mwembamba kabisa. Ukimchuja kwa kiuno, umemrudisha nyumbani na sukari yake.

Maabara, Ilemela
Na huo utepe wenyewe unapimwa vibaya. Unazungushwa juu ya kitenge, au kwenye mstari wa mkanda, au mtu kavuta tumbo ndani. Mahali pake ni katikati ya mbavu ya mwisho na ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, kwenye ngozi, utepe ukiwa sambamba na sakafu, mtu ameshatoa pumzi. Pima mara mbili. Zikitofautiana zaidi ya sentimita moja, rudia.

Kikomo cha kiuno nacho ni tatizo. Sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke ni namba za Ulaya, tuliziazima kwa kukosa za kwetu. Takwimu za nchi kadhaa za Afrika zilizounganishwa mwaka 2017 zilitoa takriban 81 kwa wote. Mwanaume wa sentimita 88 anapita bila kuguswa!

Mtoa hoja, Nyamagana
Igoma umenibana, na nakubali. Hata TCF7L2, jeni inayojulikana sana kwa hatari hii, inahusishwa zaidi na kongosho kuliko mafuta. Basi kiuno kisiwe mlango pekee. Mwembamba mwenye kiu isiyokatika, anayekojoa sana au kukonda bila sababu, mwenye kifua kikuu, mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye kisukari: wote wapimwe, kiuno kiwe chochote. Mizani bado naikataa.

Maabara, Ilemela
Hapo sawa. Ila msikimbilie HbA1c, kipimo cha damu cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, kwa kuwa haihitaji kufunga. Kanda ya Ziwa ina siko seli nyingi, ugonjwa wa kurithi wa damu, na chembe nyekundu zinazokufa mapema hushusha jibu kuliko sukari ilivyo. Na kwa stripu, mtu anawe mikono kwa sabuni akauke: kidole kilichomenya embe kinapandisha namba.

Mwaloni, Kirumba
Mnasahau saa ya kupima. Kipimo cha kufunga, ambacho kisukari kinaanzia 7.0 mmol/L, kinataka angalau saa 8 bila chakula. Mvuvi wa dagaa anavua usiku kucha kwa taa na anakula humo mtumbwini. Ukimpima alfajiri akishuka, huwezi kumwekea kikomo hicho. Kambi ya mwaloni ipangwe siku za mbalamwezi, dagaa hawavuliwi na watu wamelala nyumbani.