Tupeane uzoefu: Uliwahi kumtilia shaka mwenzi wako kama Lina wa filamu ya Suspicion?

Mleta mada

Wakuu, habari za saa hizi. Jana usiku nimeirudia Suspicion, ile ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1941, nyeusi na nyeupe, Joan Fontaine akiwa Lina na Cary Grant akiwa Johnnie. Nimeshindwa kulala vizuri, ndiyo maana naleta uzi huu. Ambaye hajaiona ajue kwamba mwisho wake utasemwa humu.

Kwa kifupi: Lina ni binti wa jenerali mstaafu, kijijini Uingereza, mtulivu, anavaa miwani na kupenda vitabu. Anakutana na Johnnie ndani ya treni. Jamaa ana tiketi ya daraja la tatu na amekaa daraja la kwanza, hela ya kuongezea hana, basi anachukua stempu ya posta kwenye pochi ya Lina, anamlipa nayo kondakta na kumwambia amwandikie mama yake barua. Unacheka. Na ukishacheka, umeshanaswa kama Lina alivyonaswa. Anaolewa naye, kisha kidogo kidogo anaanza kushuku kwamba mumewe anataka kumuua.

Watu wengi wanaikumbuka ile glasi ya maziwa Johnnie anayompandishia mkewe ngazini usiku, naye Lina anahofia ina sumu, kwa sababu Hitchcock alitia taa ndani ya glasi ili jicho lisiende pengine. Mimi kilichoniumiza ni viti. Baba yake Lina aliwapa viti viwili vya kale kama zawadi ya harusi, vya urithi wa ukoo. Siku moja havipo. Johnnie anasema Mmarekani fulani amevipenda akavinunua. Baadaye Lina anapita mjini na kuviona dirishani mwa duka. Joan Fontaine hasemi kitu pale, anasimama tu, na uso unabadilika taratibu. Kisha Johnnie anarudi nyumbani na mazawadi, ameshinda kamari ya farasi, na viti amevikomboa. Kila mtu anafurahi. Mke afanye nini hapo, anune?

Ninachotaka tupeane ni hiki: shaka yako ilianzia kwenye kitu gani? Si lazima sumu. Kitu gani kidogo?

Binti wa Makorora

Mleta mada umenigusa penyewe. Mimi ilikuwa cherehani.

Mama yangu aliposhindwa kushona kwa sababu ya macho alinipa cherehani yake ya miguu. Kwenye mtoto wa meza, kwa ndani, alikuwa amechora kwa msumari vipimo vya wateja wake wa zamani, kiuno na urefu, kwa hiyo ile meza hata gizani ningeitambua kwa vidole. Mume wangu wakati huo alikuwa mtu wa watu. Akipita mtaani anawasalimia wazee wote kwa shikamoo, watoto wanamkimbilia, mama yangu mwenyewe akimwita "mwanangu" kabla hajaniita mimi. Nikarudi kutoka msibani nikakuta nafasi tupu. Akaniambia mkanda umekatika, ameipeleka kwa fundi. Nikauliza fundi yupi. Akacheka, akasema nisiwe na haraka.

Niliikuta sokoni, kwa mshonaji mmoja wa magauni. Nilivuta ule mtoto wa meza nikapapasa ndani. Yule mshonaji hakuwa na kosa, alikuwa ameinunua kwa pesa yake halali na akanionyesha karatasi waliyoandikishana.

Jioni mume wangu akaja na kilo mbili za nyama na doti ya khanga. Ndiyo maana Johnnie alipoingia na zile zawadi nilizima simu. Nilimaliza kuiangalia siku nyingine.

Mleta mada

Pole sana dada yangu. Uliipata?

Binti wa Makorora

Niliinunua upya kwa pesa ya upatu. Ndoa ndiyo iliyoisha, na si kwa sababu ya cherehani peke yake. Baada ya ile, kila alichoniambia nilikuwa nakihakiki: akisema yuko Muheza, natafuta mtu wa Muheza. Nilichoka mimi kabla yake.

Mzee wa Picha

Niongezee kidogo kwa wapenzi wa filamu. Hadithi imetoka kwenye riwaya ya Francis Iles ya mwaka 1932, Before the Fact. Kwenye kitabu Johnnie ni muuaji kweli, na mke anajua, na sumu anayopewa anaikunywa. Hitchcock alimweleza Truffaut, mwongozaji wa filamu wa Kifaransa aliyemhoji, mwisho alioutaka: Lina anamwandikia mama yake barua akisema mumewe ni muuaji, anafunga bahasha, anamwomba Johnnie aitie posta, kisha anakunywa maziwa. Johnnie anatoka akipiga mluzi, anaitumbukiza barua sandukuni. Anajimaliza kwa mkono wake mwenyewe. Haikuwezekana, Cary Grant alikuwa kipenzi cha watazamaji na studio haikutaka awe muuaji.

Angalieni tena katikati ya filamu, Hitchcock mwenyewe anaonekana kwa nukta chache kijijini akitia barua posta. Na kumbukeni ile stempu ya kwenye treni. Kwangu mimi barua imetapakaa filamu nzima, imekosa tu mwisho wake. Joan Fontaine alipata Oscar kwa kazi hii, na ndiye mwigizaji pekee aliyeshinda akiongozwa na Hitchcock. Alistahili. Filamu yote inakaa usoni mwake.

Mama Likoni

Mimi ni wa Mombasa, na yangu iliishia kwengine, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Bwana'ngu alianza kuamka usiku. Akitoka nje anakaa kitambo, akirudi ananuka baridi. Chai akawa hainywi na sisi. Simu ikilia anatoka uwani. Siku moja nafagia, nikakuta ndani ya kiatu chake cha Ijumaa kipande cha gazeti kimekunjwa, ndani pakiti tupu za vidonge. Wallahi miguu iliniisha nguvu. Nilifikiria kila kitu: mwanamke, maradhi ya kuletewa, hata kwamba kuna kitu anatiliwa au anatia.

Sikumuuliza. Nilichukua moja nikaifunga kwenye leso, nikaenda duka la dawa mtaa wa pili ambako hawanijui. Kijana akaisoma, akasema, "Mama, hizi za sukari hizi." Kisukari. Alikuwa ameambiwa kitambo na hakutaka nijue, kwa kuwa babake alikatwa mguu na mimi nilimuuguza yule mzee hadi mwisho.

Nawaambieni ukweli, hasira niliyopata siku ile ni kubwa kuliko ingekuwa mwanamke. Kwa hiyo mwisho wa hii filamu mimi unanikera kwa sababu tofauti na yenu. Pale kwenye gari, juu ya jabali la bahari, Johnnie anasema alitaka kujiua mwenyewe kwa ajili ya madeni, Lina anamwonea huruma, gari linageuzwa, kwisha. Haigeuzwi hivyo. Sisi tulikaa muda mrefu tukila sahani moja bila kutazamana. Leo ndimi nimpimaye sukari asubuhi, namshukuru Mungu, lakini tulifika kwa miguu, si kwa gari.

Msaidizi wa Sheria

Nachomeka moja kwa dada wa Tanzania walio kwenye hali ya "ameuza bila kuniambia". Kwa nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuiuza, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo. Haijalishi hati ina jina la nani. Ukiona dalili, nenda ofisi ya ardhi ukawekeshe zuio mapema kabla mnunuzi hajaingia. Kwa vitu vya ndani kama cherehani, weka risiti na mashahidi.

Mzee wa Picha

Mama Likoni, nakubaliana nawe kuhusu gari, na nitie jingine. Beaky, rafiki yao mpole, alikufa Paris baada ya kunywa brandi nyingi kwa kushindana na Mwingereza fulani. Johnnie alimwambia mkewe atakuwa London. Lina akapiga simu klabuni, hayupo. Mwishoni Johnnie anasema alikuwa Liverpool akijaribu kukopa kwa bima ya maisha ya Lina, ili arudishe pauni 2,000 alizomwibia binamu yake kazini.

Sasa rudieni filamu mkiangalia jambo moja tu: ni nani mwingine anayethibitisha kwamba alikuwa Liverpool? Hakuna hata mmoja. Hakuna risiti, hakuna shahidi. Ni Johnnie, yule yule wa Mmarekani aliyenunua viti. Aliyeona tofauti alete.