KILOMITA TANO! Huyu fundi mnamjua wote, jina sitaji

MkataWaya (mleta mada)

Wakuu, jina sitaji, mnamjua. Yule mwenye ngazi fupi na maneno marefu. Ndiye kafunga ile anayoiita "waifai ya mtaa mzima": antena moja ya duara, ya kurusha pande zote, ya dBi 15 (kipimo cha jinsi antena inavyokusanya mawimbi), mlingoti wa mita 12, nyumba 60 zimeizunguka kama waombolezaji. Sasa hivi kaulizwa kwa nini nyumba iliyo mita 40 tu kutoka mlingotini haifungui hata ukurasa mmoja. Jibu lake, mbele ya kadamnasi:

"Antena inapiga kilomita tano. Simu zenu ndizo dhaifu."

Simu zenu. Ndizo. Dhaifu.

Ruta ameiacha sebuleni, kisha kavuta waya wa antena aina ya RG-58 mita 15 mpaka juu. Ule mwembamba kama mkia wa panya! Kwenye 2.4 GHz, masafa ya waifai ya kawaida, waya huo unakula karibu desibeli 1 kwa kila mita. Desibeli 15 zimeshaliwa kabla mawimbi hayajaona jua, kinachofika kwenye antena ni kama asilimia 3 ya kilichotoka kwenye ruta. Zile 97 zinapasha waya joto, kunguru wapate pa kujikunyata. Halafu dhaifu ni simu?

Redio ya nje inafungwa palepale kwenye antena, waya wa antena usizidi nusu mita, umeme unapanda na data kwenye waya mmoja wa mtandao kwa PoE, na waya huo unavumilia mita 100. Karatasi ya ndani ya boksi inasema hivyo. Yeye aliishia kusoma boksi kwa nje, palipoandikwa KILOMITA TANO.

Ndizo dhaifu! Mbele ya watu wazima!

BatiJipya

Hahaha, mkuu, hata hiyo RG-58 angeitoa, nyumba ya mita 40 isingepata kitu cha maana. Antena ya duara haiongezi nguvu, inabana mawimbi yawe bapa kama chapati. dBi 15 ina upana wa wima wa digrii 8 hivi, au pungufu. Kutoka mita 12 juu, ukingo wa chini wa chapati hiyo unagusa ardhi mita 170 mbele. Walio karibu wanaokota makombo, mawimbi yenyewe yanawapita juu ya paa. Popo ndio wenye kasi mtaani kwenu.

Kwa nyumba zilizobanana unaweka dBi 6 au 8, au antena tatu za sekta za digrii 120, kila moja na redio yake, chaneli 1, 6 na 11, na unaziinamisha digrii chache kuelekea nyumba.

Mzee_wa_Desibeli

Na hiyo kilomita tano tuipigie hesabu, maana imeandikwa kwa herufi kubwa. Mawimbi hayasafiri kwenye uzi, yanahitaji uwazi wenye umbo la yai kati ya pande mbili. Kwa kilomita 5 kwenye 2.4 GHz, nusu kipenyo cha yai hilo katikati ya safari ni mita 12.5, na angalau asilimia 60 iwe wazi, yaani mita 7.5. Antena iko mita 12, simu iko mkononi mita 1.5, kwa hiyo mstari wao katikati uko mita 6.75 kutoka ardhini. Hata pakiwa uwanja mtupu usio na mti wala bati, inabidi kwanza mchimbe mtaro.

MkataWaya

MCHIMBE MTARO! Asante mzee. Na huyu kasimama pale, mkono kiunoni, anasema ndizo dhaifu.

Kiunganishi

Mleta mada punguza herufi kubwa, zinakula chaneli. Halafu utanichukia, lakini kwenye simu ana nusu ya hoja. Simu nyingi hutoa 15 dBm hivi (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), antena yake haiongezi kitu. Upande mmoja mtu ana kipaza sauti, upande wa pili mgonjwa wa koo. Ndiyo maana vijiti vinajaa kwenye kioo na ukurasa haufunguki: unamsikia, yeye hakusikii. Kupandisha nguvu ya ruta hakutibu hilo.

Dawa ni kutotegemea simu kabisa. Kila nyumba redio ndogo ya nje yenye antena ya kuelekeza, ikitazama mlingoti, halafu ndani ruta ya kawaida. Unaizungusha taratibu mpaka isome kati ya -50 na -65 dBm. Ikifika -80 usijidanganye, tafuta mahali pengine pa kuifunga.

MkataWaya

Kwa hiyo unamtetea.

Kiunganishi

Natetea fizikia, mkuu.

ChaneliSita

Anamtetea kabisa, nimeona. Ila mna bahati nyie, mna mlingoti. Wa kwetu kapanga repita nne, vile vifaa vya kupokea mawimbi na kuyarusha tena, kwa mnyororo, kila moja ina redio moja. Redio moja haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila hatua inakata kasi nusu. Megabiti 40 inakuwa 20, 10, 5, mwisho 2.5, na hiyo ni pale mtumiaji akiwa peke yake. Ukimuuliza anasema ongeza repita ya tano!

Mnyororo ukilazimika, kiungo cha mlingoti kwa mlingoti kiwe na redio yake kwenye 5 GHz, wateja wabaki 2.4.

BatiJipya

Na hiyo 2.4 upana wa chaneli wauache kwenye megahezi 20. Kuna shujaa kaweka 40 "iwe mara mbili", amefunika karibu nusu ya bendi, sasa kila ruta ya jirani inamkohoa.

LangoBovu

Repita ni mchezo wa watoto. Wa kwetu kaleta ruta ya pili, badala ya kuchomeka waya kwenye tundu la WAN (la kuingizia intaneti) kachomeka LAN (la vifaa vya ndani), na DHCP, ile huduma ya kugawa anwani, hakuizima. Sasa ruta mbili zinagombania kugawa anwani, zote zinajiita 192.168.1.1. Anayewahiwa na ile ya pili anapelekwa kwenye lango lisilo na intaneti. Dalili ni hiyo: nusu ya nyumba zinafanya kazi, ukizima na kuwasha zinabadilishana. Ipe ruta ya pili anwani nyingine, kisha zima DHCP yake. Dakika mbili. Wiki zinapita, yeye anabadilisha nywila!

Mzee_wa_Desibeli

Anwani mtarekebisha. Waya wa alumini uliopakwa shaba hamtarekebisha. Ukivuta mita 60 zake na PoE ya volti 24, volti zinaishia njiani. Redio inawaka vizuri, watu wakianza kuitumia inazima, inawaka, inazima, na fundi analaumu mvua. Sumaku haikusaidii kuutambua, alumini haivutwi wala shaba haivutwi. Kwaruza kwa wembe: ndani pakiwa peupe, umepigwa.

ChaneliSita

Na anayechomeka volti 48 za kulazimisha kwenye redio ya 24? Moshi.

LangoBovu

Kwenye kubana konekta za waya wa mtandao mnatumia mpangilio wa rangi A au B? Kuna mtu huku anasema B ina kasi zaidi.

BatiJipya

Hakuna kasi yoyote. Pande zote mbili zifanane, basi. Ukianza B, maliza B.

Kiunganishi

A.

Mzee_wa_Desibeli

B.

MkataWaya

Wakuu, turudi kwenye mada. Mtu kasimama mbele ya nyumba 60 akasema simu zetu...

LangoBovu

Ngoja kwanza mkuu. Mzee, waya ukiingia ndani kutoka juu, ile kona ya kudondoshea maji inatangulia tundu la ukuta au inafuata?

Mzee_wa_Desibeli

Inatangulia, nje, na ishuke chini ya tundu. Vinginevyo maji yanafuata waya mpaka kwenye adapta.