Magari ya nyaya hadi Kedarnath: yajengwe, au watu waendelee kupanda kwa miguu?

MLETA MADA: Wakuu, Machi 2025 baraza la mawaziri la India lilipitisha mradi wa magari ya nyaya (vyumba vinavyoning'inia kwenye waya, "cable car") wa kilomita 12.9, kutoka Sonprayag hadi mji wa hija wa Wahindu wa Kedarnath, jimbo la Uttarakhand, huko Himalaya. Gharama ni rupia bilioni 40 na ushee. Kwa sasa ukitoka Gaurikund unapanda kilomita 16 kwa miguu, kwa nyumbu (wa kufugwa, si wale wa Serengeti) au kwa kubebwa. Ni safari ya saa nane hadi tisa. Nyaya zikikamilika itakuwa dakika 36, na mtambo umepangiwa watu 18,000 kwa siku.

Mimi napinga. Nilifika kule na rafiki yangu Mhindu, na kilichonitisha si njia, ni mji. Ni kiganja cha ardhi, mita 3,583 juu ya usawa wa bahari, mto Mandakini ubavuni, barafu kisogoni. Juni 2013, baada ya mvua za kufululiza, ziwa dogo la Chorabari lililokuwa juu ya mji lilipasua kingo. Asubuhi ya tarehe 17 maji, mawe na tope vikaufagia mji. Jimbo zima lilipoteza maelfu ya watu. Hekalu la mungu Shiva, linalofuatwa na mahujaji, lilipona, kwa sababu jiwe moja kubwa liliviringika likakwama nyuma yake na kuyagawa maji. Wanaliita Bhim Shila, na watu hulisujudia. Nilisimama mbele yake nikawaza: hao 18,000 siku kama ile wangekimbilia wapi? Tayari kwa msimu mmoja, Aprili au Mei hadi Novemba hivi, wanapita zaidi ya milioni 1.5.

MCHANGIAJI WA 1: Kaka, wewe ulipanda ukiwa na umri gani? Mamangu ana miaka 71. Sisi ni Wahindu wa hapa Mombasa, na tangu nikiwa mdogo namsikia akiitaja Kedarnath. Linga ya kule, yaani alama ya Shiva inayoabudiwa, si jiwe lililochongwa, ni mwamba wenye umbo la nundu. Hadithi yetu inasema Pandava, ndugu watano mashujaa, walikuwa wakimtafuta Shiva awasamehe damu ya vita, naye akajigeuza fahali, akazama ardhini, nundu ikabaki juu. Mama anataka kuipaka samli kwa mkono wake mwenyewe, basi.

Aende vipi? Kwa helikopta? Juni 15, 2025 moja iliyokuwa ikirudi kutoka Kedarnath ilianguka karibu na Gaurikund, wakafa wote saba. Nikamwonyesha picha ya kandi: kikapu mgongoni mwa mpagazi, kamba imepita kwenye paji la uso, ndani kakaa bibi amekunja magoti. Mama aliitazama, akanirudishia simu. "Mimi si gunia."

MCHANGIAJI WA 2: Salamu kutoka Moshi. Mimi ni mgumu, nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka kumi na moja. Serikali yetu ilipotaja magari ya nyaya mwaka 2019, tulipiga kelele, na sitadanganya, tulitetea matumbo yetu. Wapagazi na wenye nyumbu wa kule nao wana matumbo.

Ila kuna la pili, na hili namwambia dada wa Mombasa. Sonprayag ni kama mita 1,800. Kutoka hapo hadi zaidi ya 3,500 kwa dakika 36? Sisi "pole pole" hatumwambii mgeni kwa adabu, ni kwa sababu mwili unahitaji siku kuizoea hewa nyepesi. Nimeshusha vijana wenye misuli wakitapika njia nzima. Mama akipandishwa haraka hivyo, aabudu, ashuke siku hiyohiyo. Asilale juu.

MCHANGIAJI WA 3: Nyumbu hawana msemaji humu? Nilipita njia ile msimu wa mvua. Tope na mavi vimekuwa kitu kimoja, kengele zinalia mbele na nyuma, na ukingoni nyumbu kalala na tandiko mgongoni huku mtu anavuta hatamu. Hakuinuka. Watu tukampita, wengine wakiimba. Jengeni hizo nyaya hata kesho.

MLETA MADA: Kwa nyumbu nimeshindwa, sina jibu. Na mama wa Mombasa apande, nani nimzuie? Ninachotaka ni nyaya zichukue wazee, wagonjwa na mitungi ya gesi, halafu idadi ya wanaoingia mjini isiongezeke hata mmoja. Lakini aliyemwaga rupia bilioni 40 atakubali viti vitupu vining'inie? Atatafuta wa kuvijaza. Na milima ile imeshaonya: Januari 2023, mji wa Joshimath jimboni humohumo, njia ya kwenda Badrinath, mji mwingine wa hija, nyumba zilipasuka kuta na watu wakahamishwa kwa sababu ardhi ilikuwa inadidimia.

MCHANGIAJI WA 1: Mimi naomba kiti kimoja, hao wengine mjadiliane na mwenye rupia zake. Ndugu wa Moshi, nimemsomea mama ulivyoandika. Anasema kulala juu hataki, baridi itamuua. Anauliza tu kama samli inaruhusiwa humo ndani ya gari, maana ile ya kununua kule haiamini.