Glavu za kuzuia mtetemo au mashine mpya ya kuvunjia zege?

Mkandarasi_Mdogo: Wakuu, vijana wanalalamika vidole vinakufa ganzi wakishavunja zege, na mmoja vinageuka vyeupe kukiwa na baridi. Hela inatosha kitu kimoja: glavu za kuzuia mtetemo kwa wote sita, au mashine moja yenye mpini wa springi. Nichukue kipi?

Zege_Kavu: Mashine ya sasa ni ya hewa au umeme? Kilo ngapi? Kila mmoja anabonyeza swichi dakika ngapi kwa siku?

Mkandarasi_Mdogo: Umeme, kama kilo 16. Wanapokezana.

Zege_Kavu: "Wanapokezana" si dakika, mkuu.

Mpima_Mtetemo: Glavu sahau. Kipimo chake cha ISO 10819, kiwango cha kimataifa cha kupima glavu hizo, kinaanzia 25 Hz, yaani mitetemo 25 kwa sekunde, na mashine hizo hupiga mapigo 20 hadi 30 hivi kwa sekunde. Huko chini glavu haikati karibu chochote. Kwenye grinda, sawa, kidogo. Tena glavu nene inamfanya mtu akaze mkono, na ukikaza ndipo mtetemo unapita zaidi.

Piga hesabu wanayotumia Uingereza: chukua kipimo cha mtetemo wa mashine (m/s²), kipimo mara kipimo mara 2, ndizo pointi za kuishika saa moja. Mashine ya 10 m/s² ni 200. Pointi 100 kwa siku unatakiwa uanze kuchukua hatua, 400 ndiyo mwisho. Kwa hiyo ya 10 inafika 100 kwa nusu saa, na ukomo kwa muda wa saa 2. Ya 20 m/s² inafika 400 kwa nusu saa tu.

Grinda_Tu: Glavu msizitukane. Mkono ukipoa mishipa inabana. Nunua za kawaida za kutunza joto. Na waache sigara, nazo zinabana mishipa.

Zege_Kavu: Sigara isiwe kichaka cha mwajiri.

Grinda_Tu: Nani kasema mwajiri?

Patasi_Butu: Springi nazo zina mtego. Kazi isipoenda, fundi analalia mashine kwa tumbo. Springi zinajibana hadi mwisho, chuma kinagusa chuma, mtetemo wote unaingia mkononi. Mpini unatakiwa uelee katikati ya mwendo wake. Na kazi haiendi kwa sababu patasi ni butu, au kaichomeka katikati ya bamba badala ya kumega kidogo kidogo kuanzia ukingoni. Cheki na bushi, ile pete inayoshika patasi: patasi ikicheza pembeni, bushi imeisha.

Mama_Saiti: Mnajadili springi, na mwenye vidole vyeupe bado kashika mashine? Mtoe leo, aende kwa daktari. Ganzi ikikomaa hairudi nyuma.

Mkandarasi_Mdogo: Nimekuelewa, mama. Namhamishia kwenye nondo. @Patasi_Butu, kumbe patasi zinanolewa?

Patasi_Butu: Zinanolewa! Polepole, ukichovya kwenye maji kila mara. Ncha ikigeuka buluu imeshalainika, utaipinda siku hiyohiyo.

Zege_Kavu: Dakika bado hujasema.