Naomba ushauri: flashi kwenye kompyuta ya Windows 7 isiyo na intaneti
Wakuu, kompyuta ya Windows 7 inaendesha mashine ya kukatia stika kupitia poti ya LPT (poti ya zamani ya printa). Draiva yake haina toleo la Windows 10 wala 11. Masasisho ya bure yalikoma tarehe 14 Januari 2020, hivyo nimeitoa mtandaoni kabisa, nikazima AutoRun (programu za flashi kujiendesha zenyewe) na SMB1 (mfumo wa zamani wa kushirikisha faili mtandaoni), ile njia iliyotumiwa na kirusi cha WannaCry mwaka 2017. Nakala ya diski nzima ipo.

Tatizo ni flashi: virusi hupita nayo hata bila intaneti. Niikague kwanza kwenye Linux, au nitumie CD-R zilizofungwa (zisizoandikika tena)? Mashine pepe (kuendesha Windows 7 kama programu ndani ya kompyuta nyingine) naiogopa, maana adapta nyingi za USB kwenda LPT hutambulika kama printa tu, si poti kamili. Kadi ya PCIe (ya kuchomeka ndani ya kompyuta) yenye LPT inapitishwa vizuri hadi kwenye mashine pepe?