Mnaosema uchaguzi wa Kenya 2027 tunataka kiongozi mwenye uzoefu, ni uzoefu gani hasa?

MtuWaKongowea ameuliza:

Habari zenu wadau. Jana nilienda kunyoa hapa Kongowea, Mombasa, nikakuta baraza limewaka moto, mzee mmoja anasema nchi imechoka na watu wa kujaribujaribu, 2027 lazima tupate mtu aliyeiva, anayeijua serikali ndani nje. Kinyozi akamuuliza, sasa mzee, huyu Rais Ruto kaingia bungeni 1997, kawa waziri wa kilimo, kawa naibu wa rais karibu miaka kumi, wataka uzoefu upi tena? Mzee akanyamaza kidogo alafu akasema "ule si uzoefu, ule ni kukaa." Wallahi kinyozi akazima mashine kabisa waanze upya, mimi nusu kichwa kimenyolewa nusu bado.

Sasa nauliza kwa roho safi. Tangu Raila Odinga, yule mzee wa upinzani, atutoke Oktoba 2025 kila mtu analia ati hakuna mkubwa tena. Wengine wanasema Kalonzo kwa kuwa yuko kwenye siasa tangu 1985 na alikuwa makamu wa rais, wengine Matiang'i aliyekuwa waziri, wengine Maraga, jaji mkuu wa zamani ambaye mahakama yake ilifuta uchaguzi wa rais wa 2017, wa serikali wanasema Kindiki, naibu wa rais, asubiri zamu yake. Wote wanauzwa kwa neno moja, uzoefu. Nyinyi mnaupima vipi?

---

BabaShiku_Naks:

Ndugu jibu liko hapo nyuma tu, rais wetu wa tatu, Kibaki. Yule alishika hazina toka 1969 mpaka 1982, akawa makamu wa rais, akakaa upinzani miaka kumi akipigwa mara mbili, alipoingia ikulu na miaka 71 hakuwa na kitu cha kujifunza. 2002 uchumi ulikuwa umelala kabisa haukui hata asilimia moja, 2007 ukagonga kama saba. Na shule za msingi bure mwezi wa kwanza tu 2003, mpaka yule mzee Maruge wa miaka 84 akavaa soksi akaenda darasa la kwanza.

Ila msisahau mtu mmoja hakufanya peke yake. Alipata ajali Desemba 2002 akapelekwa London, kampeni ikabebwa na Raila na wengine huku mgombea mwenyewe yuko hospitali, akaja kuapishwa kwenye kiti cha magurudumu. So mimi nikisikia uzoefu nauliza, ukianguka leo nani anabeba?

---

Zed_wa_25June:

Baba Shiku umeruka page moja hapo. Huyo mzoefu wako ndio alikuwa ikulu ile kashfa ya pesa za umma ya Anglo Leasing ikitokea, na ndio aliapishwa jioni jioni Desemba 2007 nchi ikiwaka. Watu zaidi ya elfu moja walikufa kwa ghasia za uchaguzi. Kwani uzoefu ulikuwa likizo?

Sisi tulioandamana 25 Juni 2024 hatukuwa na kiongozi hata mmoja, hakuna mzee, hakuna chama, na keshoye tu rais akasema hatii sahihi ule mswada wa fedha. Kisha hao wazoefu wa ODM, chama cha Raila, wakaitwa kuwa mawaziri, Mbadi hazina, Joho madini, Oparanya vyama vya ushirika, Wandayi kawi, wakaingia bila hata kugeuka nyuma. Huo ndio uzoefu, kujua mlango wa kuingilia.

---

Ticha_Mstaafu:

Zed kijana wangu, nakusikia na uchungu wako nauelewa. Lakini kuangusha mswada na kuandika bajeti ni kazi mbili tofauti, ya kwanza inataka miguu na moyo, ya pili inataka mtu anayejua pesa hupotelea wapi.

Nitakupa mfano niliouona kwa macho. Mimi nilikuwa msimamizi wa mtihani. Kabla ya 2016 karatasi za KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne, zilikuwa zinazunguka kwenye simu za watoto usiku, asubuhi mtoto anaingia akitabasamu na wewe unajua. Matiang'i alipoletwa wizara ya elimu hakuhutubia sana, alileta kontena. Tukawa tunaenda alfajiri, kontena lina kufuli mbili, mwenye ufunguo mmoja hafungui bila mwenzake, polisi amesimama, unasaini, unachukua za siku hiyo tu unarudi. Mwaka huo waliopata A nchi nzima walikuwa 141, mwaka uliotangulia walipita elfu mbili. Wazazi walilia na mimi nilijua sasa ndio tumeanza kusema ukweli. Huyo alikuwa anajua wizi unapita wapi. Hiyo ndio naita uzoefu.

---

Zed_wa_25June:

Na huyo huyo ticha alipopelekwa usalama wa ndani, 2018 mahakama ikamtoza faini ya laki mbili kwa kudharau amri ya mahakama kwenye kesi ya Miguna, yule wakili aliyefurushwa nchini. Kufuli za kontena alizijua, amri za jaji je?

---

Ticha_Mstaafu:

Hapo umenifunga goli, sikatai.

---

MbongoMgeni:

Naomba kuchangia kidogo japo mi ni wa huku Bongo. Magufuli kabla ya urais alikaa serikalini miaka 20, barabara alikuwa anazitaja bungeni kwa kilomita bila kusoma karatasi. Alipoingia ikulu kazi zilionekana kweli, hakuna wa kubisha, ila kumwambia "mzee hapa umekosea" ilikuwa shughuli. So uzoefu wa kazi alikuwa nao, uzoefu wa kukosolewa hakuwa nao. Nyie angalau mnatukanana na rais mtandaoni mnalala nyumbani, sometimes lakini.

---

MamaMboga_Githurai:

Wanaume mmeandika vitabu. Mimi nauza sukuma. Kuna mheshimiwa fulani alikuja hapa kwetu na CV yake imechapishwa kwa banner, miaka mingapi sijui kwenye siasa, akatujengea soko. Paa liko, rangi iko, meza hakuna, choo hakijawahi funguliwa, mvua ikinyesha maji yanaingia kwa mlango kwa sababu sakafu iko chini ya barabara. Mtu aliyewahi kuuza hata ndizi angejua hilo. Tumerudi kuuza nje kwa vumbi na soko limefungwa kufuli. Akija 2027 kuniambia ana uzoefu nitamwambia twende kwanza ukae hapo ndani saa moja mvua ikinyesha.

Alafu huyo mnayemtaka lazima apate nusu na zaidi ya kura, na asilimia 25 kwenye kaunti 24. Kuna yeyote kati ya hao mliotaja amewahi kukaa na wauza mboga wa kaunti 24?

---

MtuWaKongowea:

Mama hiyo ya sakafu imenimaliza 😂 naenda kumsomea yule mzee. Na aliyeuliza inbox kuhusu kichwa changu, ilibidi nirudi leo asubuhi kumaliziwa, kinyozi kanitoza tena shilingi mia anasema jana nililipia upande mmoja.